Maji ya Shuka na Samaki wa Jokébed

Saa mbili asubuhi, Mariette Kyakimwa ameinamia beseni la shuka zenye damu, nyuma ya kituo cha afya huko Mulekera, Beni. Vidole vyake vimebabuka kwa dawa. Jana majeruhi wa vita waliletwa tena, na shuka za leo ni sitini.

Tunapomtajia Jokébed, anakamua kwa nguvu zaidi.

Jokébed alikuwa mwenzake wa kufua. Mwaka 1999 aliacha kazi, akachimba bwawa la samaki kando ya kijito, chini ya kituo. Leo nyumba yake ina bati.

"Tulianza pamoja," anasema Mariette, mwenye miaka 41. "Batoto yake banavaa viatu. Yangu hapana. Iliniuma kila siku."

Machi mwaka huu wa 2001, majeruhi walizidi. Muuguzi Timothée akaagiza dawa ya kuua vijidudu iongezwe mara mbili. Mariette akamwaga maji ya kufulia mtaroni kama kawaida, yakaingia kijitoni, kisha bwawani. Kesho yake samaki mia mbili wa Jokébed walielea, wamekufa.

"Ile dawa haichague," anaeleza Timothée. "Ikifika mu maji, inaua na samaki."

Mariette alielewa siku ileile, akanyamaza. Wiki iliyofuata, bwawani kukiwa bado na samaki wachache, alimwaga tena palepale.

"Nilijua," anasema. "Nilitaka akose kila kitu, donc tulingane."

Lakini Jokébed alimshuku jirani yake Mathe kwamba ametia sumu bwawani. Akamshtaki kwa wanajeshi, wakamchukua hadi kambi yao. Siku ya tatu Mariette alisikia kuwa mzee huyo anapigwa. Akaenda kwa Jokébed, ambaye humwita Mama Shekinah kwa jina la mtoto wake.

"Mama Shekinah, maji yangu njo iliua samaki yako. Mathe hapana."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa na wivu."

 Jokébed alijifunga kitenge, wakafuatana hadi kambini. Mathe aliachiliwa jioni, meno mawili yamevunjika.

Sasa maji ya shuka humwagwa katika shimo lililo mbali na kijito. Mariette alilichimba mwenyewe, siku kumi. Jokébed ameweka samaki wapya. Wakikutana kanisani, husalimiana kwa kifupi.

Je, wivu umekwisha?

"Hapana, ungalipo," anasema, akianika shuka. "Mais nimepata kipande ya shamba kule Mavivi. Nitachimba étang yangu. Batoto ya samaki nitaomba kwake, akikubali kuniuzishia."

Anaufikiria ukubwa wa bwawa hilo.

"Itapita yake," anasema.