Mwenyekiti Asiyejiuzulu

Ofisi ya chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha chupa ilikuwa na mabenchi mawili, kabati la bati, na kiti kimoja chenye mikono. Kiti hicho hakikukaliwa na mtu kwa miaka sita. Mfagizi alikifuta vumbi kila asubuhi, wageni walikizunguka wakaenda kubanana kwenye benchi, na siku fundi umeme alipotaka kukipanda abadilishe taa, watu watatu walimzuia kwa pamoja, akaenda kutafuta ngazi. Kilikuwa kiti cha mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo, ila mbali kidogo, kwenye jengo la ghorofa tisa katikati ya mji, nyuma ya mlango ulioandikwa Naibu Waziri wa Kazi.

Kiwandani walimwita Tanuru. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa koleo, akaambiwa achanganye mchanga, magadi na vigae vya chupa zilizovunjika, aulishe moto. Na moto wa kioo una tabia yake. Ukishawashwa hauzimwi, iwe usiku, iwe sikukuu, kwa miaka minane au tisa, mpaka matofali ya tanuru yachoke yenyewe. Ukiachwa upoe, kioo kinagandia humo humo tumboni, matofali yanapasuka, na mwenye kiwanda anabaki na jabali lisilofaa hata kujengea choo. Kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo kabla hajalijua jina la meneja.

Wakubwa nao walilijua, na walilitegemea. Mwaka ule wafanyakazi walipogoma kudai glavu na viatu, baada ya wenzao wawili kuungua miguu, meneja alifunga mlango wa ofisi yake akaagiza chai. Alikuwa na hakika kwamba siku ya pili watarudi mbio wenyewe, maana nani atakubali kuua tanuru linalomlisha? Ndipo Tanuru alipopanda juu ya kreti uwanjani akasema maneno yaliyomfanya awe mtu.

"Tumegoma sisi. Moto haujagoma."

Wakagawana zamu. Kwa siku kumi na moja waliulisha moto kama kawaida, wakakiacha kioo chekundu kidondoke, kipoe, kivunjwe, kirudishwe ndani tena, na chupa hata moja haikutoka getini. Meneja alikuwa na moto mzuri kabisa na hana cha kuuza. Siku ya kumi na mbili glavu zikaja, na viatu, na chumba cha huduma ya kwanza chenye kitanda. Watu walimbeba Tanuru mabegani. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba siku zote hizo kumi na moja tumbo lilikuwa likimwendesha kwa hofu, na kwamba usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Wanasiasa wana pua, nasi tuwape haki yao. Haukupita mwaka wakaja na gari, wakakaa kwenye benchi, wakamwambia jimbo linamhitaji. Aliwakatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali, na wafanyakazi ndio waliobandika picha zake mpaka kwenye matangi ya maji. Alishinda kura vibaya sana, yaani walioshindana naye waliona haya kudai hesabu irudiwe. Siku ya kumuaga, katibu wa chama alimkumbusha kwamba katiba yao inamtaka mwenyekiti akipata kazi nyingine ajiuzulu.

"Nikijiuzulu leo mtasema nimewakimbia," aliwaambia watu. "Kiti kikae. Nitarudi."

Wakapiga makofi. Katibu huyo alikuwa mwanamke wa meza ya ukaguzi, kazi yake kuziangalia chupa mbele ya taa atafute ufa, tena alikuwa mdogo wa mkewe Tanuru, shemeji yake kabisa. Miaka iliyofuata alimkumbusha tena, mara mbili. "Shemeji, unataka kunipindua?" Tanuru alimjibu, wakacheka wote. Na wafanyakazi walipoulizwa walisema nani atakaa pale mwenyewe angali hai, si utovu wa adabu huo? Mshika mbili moja humponyoka, tunaambiwa tangu utoto, lakini pale watu wazima mia tatu na themanini walimsaidia mtu mmoja kushika mbili.

Muhula wa kwanza alifanya kazi, asisingiziwe. Ni yeye aliyepigania bungeni kifungu kinachowapa wafanyakazi siku kumi na nne za kupinga kiwanda kufungwa. Pingamizi likiingia kwa wakati, ufungaji unasimama miezi sita mpaka baraza lisikilize. Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba karatasi hiyo isainiwe na mwenyekiti aliyechaguliwa, si makamu wala mwakilishi, kwa sababu kuna chama kimoja ambacho makamu wake aliwauza wenzake kwa saini. Sheria ikapita. Muhula wa pili akapewa unaibu waziri.

Ganzi ilimwingia huko, wala hakuna siku unayoweza kuitaja ukasema ni hii. Mwanzo alisoma kila faili. Baadaye akajifunza kusaini pale katibu muhtasi wake alipobandika kikaratasi cha njano. Akajifunza kusema "tunalifanyia kazi" kwa sauti inayoinua watu kwenye viti waage. Mama mmoja aliyekatwa vidole na mashine alimwekea mkono wake juu ya meza, uko hivi, utazame, naye akajikuta anatazama saa. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba amechoka tu. Akalala vizuri.

Kisha wenye kiwanda wakatoa tangazo. Chupa za plastiki zimewashinda, tanuru wataliacha lipoe, wafanyakazi wote wataachishwa. Serikali, kimya kimya, ilikuwa imeshawakubalia. Siku ya pili ya zile kumi na nne shemeji akafika ghorofa ya tisa na bahasha.

"Hodi kwa mheshimiwa. Au siku hizi tunaingia kwa magoti?"

"Karibu, shemeji. Ukipiga magoti dada yako atanifukuza nyumbani."

Shemeji alimwekea fomu ya pingamizi mezani. "Nimejaza kila kitu, mpaka tarehe. Wewe saini hapo tu."

Tanuru akaisoma. "Inakwenda ofisi ya Naibu Waziri wa Kazi. Hii inakuja kwangu."

"Inatoka kwako, inakuja kwako. Umetuokolea hata stempu."

Walicheka. Halafu Tanuru akamweleza kwamba waziri amesema wazi, atakayesaini kuipinga wizara afungashe virago siku hiyo hiyo. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo?"

"Niachie nifikirie."

"Fikiria, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo."

Tanuru aliiweka fomu kwenye droo. Ingekuwa ni woga tungemwelewa, maana mwoga anaogopa, anatoka jasho, anaamka akihangaika. Yeye alikula, akalala, akaenda kuzindua semina. Kila asubuhi alivuta droo akaiona fomu, akairudisha droo. Alijitia hamnazo mpaka akawa hanazo kweli.

Siku ya sita shemeji alirudi, na safari hii hakupiga hodi.

"Kama huwezi kusaini, jiuzulu uenyekiti. Mstari mmoja. Uchaguzi unataka tangazo la siku saba. Nikitangaza leo, siku ya kumi na tatu tunachagua, siku ya kumi na nne mtu anasaini."

"Mtu gani?"

"Mimi. Mwingine yeyote. Hata mfagizi."

Tanuru alichukua kalamu na karatasi nyeupe. Akaandika tarehe. Kisha akakiona kile kiti chenye mikono, na mtu mwingine amekikalia, amejiegemeza kabisa, na hapo kitu kilimchoma kidogo kifuani. Kilikuwa kitu cha kwanza kumchoma baada ya muda mrefu, na tuseme ukweli, kilikuwa wivu. Akaweka kalamu chini.

"Nitakuletea kesho."

"Kesho ni siku ya saba, shemeji. Tutachagua siku ya kumi na nne, na tukimaliza kuhesabu kura wizara imeshafunga."

"Nimekusikia."

Mwanamke yule alimtazama kama anavyozitazama chupa zake, bila hasira, akitafuta ufa uko wapi. "Unaumwa?" akamuuliza.

"Hapana. Niko salama."

"Haya," alisema, akachukua mkoba wake.

Hakurudi tena. Siku ya kumi na mbili alipiga simu, Tanuru akaiacha iite. Siku ya kumi na nne alikuwa na kikao asubuhi na mgeni mchana, na saa kumi kasoro robo alikuwa ameketi peke yake ofisini, droo wazi. Masjala ya kupokea mapingamizi ilikuwa ghorofa moja chini, ngazi ishirini na mbili. Kalamu ilikuwa mfukoni. Alingoja kitu kimsukume, hasira au huruma au hata ile hofu yake ya zamani ya kuendesha, maana siku zile za mgomo mwili wake ulikuwa unajua la kufanya kabla yake. Akajifinya paja chini ya meza, kwa nguvu. Saa kumi ikafika, akasikia chini wakifunga dirisha la masjala, naye akafunga droo akaenda nyumbani.

Kesho yake katibu muhtasi alileta mafaili kama kila siku, vikaratasi vya njano vikiwa vimechomoza pembeni. Tanuru alisaini la kwanza, la pili, la tano. Alisaini la tisa, na mkono ulipokuwa unamalizia mkia wa saini ndipo macho yalipofika juu ya ukurasa. Kiwanda cha chupa. Kusitisha shughuli. Hakuna pingamizi lililopokelewa ndani ya muda wa kisheria. Imeidhinishwa.

Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Kuna tatizo, mheshimiwa?" katibu muhtasi aliuliza, muhuri mkononi.

"Hapana. Endelea."

Akagonga muhuri.

Tanuru haliuawi kwa siku moja. Mafundi walilishusha joto kidogo kidogo, wakakimwaga kioo kilichobaki, wakafagia, hawakuvunja hata dirisha. Ilichukua wiki tatu. Wiki hizo zote yeye alingoja matusi. Alitega sikio kwenye redio asubuhi. Alimwambia dereva apite njia ya kiwandani, polepole, labda wangelirushia gari mawe. Mlinzi wa getini alimtambua akampungia mkono. Alikuwa amekwisha kupanga hata maneno ya kujitetea, mazuri tu, na kwa mara ya kwanza alitamani kitu kwa dhati: atukanwe na mtu anayemjua. Aliamini kwamba akitukanwa sawasawa ataumia, na akiumia atakuwa amepona.

Jumamosi moja, saa moja jioni, mkewe alipakua chakula wakakaa wawili. Watoto walikuwa kwa bibi yao.

"Mdogo wangu amepiga simu," mkewe alisema. "Leo wamefanya mkutano wa mwisho, pale uwanjani."

Tanuru aliacha kutafuna. "Wamesemaje?"

"Wamefanya na uchaguzi. Wanasema chama hakifi hata kama moto umezimika, wataendelea kudai haki zao." Alimwekea mboga pembeni ya sahani. "Wamekuchagua tena mwenyekiti. Bila kupingwa."

"Mimi?"

"Wewe, kwani kuna Tanuru mwingine? Wanasema ulipambana nao huko juu mpaka wakakuzidi nguvu. Mzee mmoja wa zamu yako alisimama kukuombea dua, akalia, watu wakalia naye. Kiti chako wamekitoa ofisini wamekihifadhi nyumbani kwake, eti kisinyeshewe."

Alimeza tonge. Halikuwa na ladha, lakini chakula hakikuwa na ladha tangu muda mrefu. "Na katibu? Yeye alisema nini mkutanoni?"

"Hakusema kitu. Ila alinipa ujumbe wako, akanitaka niurudie mara mbili nisije nikakosea. Amesema nikuambie kwamba hakuwaambia. Watu wameshapoteza kazi, amesema, haoni sababu wakupoteze na wewe."

Tanuru alivuta jagi, akajimiminia maji. Mkewe alikuwa ameacha kula.

"Hakuwaambia nini, baba watoto?"

Alikunywa maji yote, akaiweka glasi mezani, akajimiminia tena. Mkewe bado alikuwa anamtazama, anasubiri jibu.