Nyasi za Bendera

Rogath wa Suji akianza sentensi kwa "mimi", tafuta pa kukaa. Atakueleza habari za mtamba wake mwenye mimba ya kwanza, aliyezaliwa bandani na hajakanyaga malisho tangu azaliwe. Sakafu ya saruji, maji analetewa, nyasi analetewa. Bwana mifugo alipomshauri anunue dawa ya kuogesha, Rogath alimcheka mbele za watu.

"Kupe ni shida ya watu wa tambarare. Huyu wangu atawapata wapi, kitandani?"

Watu walicheka naye. Ana ulimi mtamu mzee yule, na ndio uliomponza.

Ndama aliyekuwa tumboni alikuwa na mwenyewe tayari. Rogath alimwahidi mdogo wake Faustina, aliyeolewa Bendera, kule tambarare, ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe wote hadi miti ya zizi akaifanya kuni. Faustina aliishi kwa ahadi hiyo. Akipiga simu, alimuulizia mtamba kabla ya kuwaulizia watu, na Magreth, mke wa Rogath, akawa anamtania: "Wifi, na sisi huku hatujambo."

Kiangazi kikakausha milima ya Suji, nyasi zikawa haba. Faustina akakata nyasi mbichi kandokando ya mifereji kule chini, akafunga mizigo, akaituma kwa bodaboda. Kwenye simu akaonya: "Kaka, huku kupe wapo hata jua likiwaka. Uwe unamwogesha."

"Naogesha, naogesha," Rogath akajibu, ili yaishe. Hata bomba la kupulizia dawa hana!

Kupe naye si mjinga. Watu humwita mdudu wa masika, na kweli wale wakubwa, wanene, hujazana wakati wa mvua. Lakini hutaga ardhini, na watoto wao, wadogo kama punje za ulezi, hunyonya kwa mnyama, hudondoka, hujivua gamba, kisha hupanda tena kwenye jani kumngoja mnyama mwingine. Kiangazi ndio wakati wa hao wachanga. Aliyenyonya kwa mgonjwa hupanda na ugonjwa wake. Ndama wa Bendera huupata wangali wadogo, na anayepona, kapona moja kwa moja. Yule wa Suji hakuwahi kuumwa hata na kupe mmoja, na sasa walikuwa wakishushwa mlangoni kwake na pikipiki.

Magreth ndiye aliyeona kwanza. Mtamba aligoma kula, na tezi za chini ya masikio zilikuwa zimevimba. Alipotia kidole ndani ya sikio akagusa vipele, na vipele vile vilikuwa na miguu.

"Baba Agape, mwite bwana mifugo."

Rogath aliona haya. Angemwitaje mtu aliyemcheka? "Ni baridi tu," alisema. "Tungoje kidogo."

Wakangoja, lakini ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, haimngoji mtu. Mtamba alipoanza kukohoa na kutoa povu puani, ndipo simu ikapigwa. Bwana mifugo alichoma sindano, akasema pale pale kwamba wamechelewa. Kesho yake mtamba alikufa, na ndama tumboni mwake.

Faustina alipanda mlima mara alipopata habari.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akaketi jikoni kwa Magreth, akauliza ni ugonjwa gani. Akaambiwa ndigana. Mtu wa Bendera haelezwi ndigana mara mbili.

"Ni nyasi zangu," alisema. "Nimemuua ndama wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Alilia sana, Magreth kamshika bega. Rogath alisimama mlangoni, moyo unamuuma. Kisha Faustina akajifuta machozi, akaanza kujituliza mwenyewe.

"Lakini wewe ulikuwa unamwogesha, kaka. Kama dawa ilipigwa na bado kafa, basi kaamua Mungu. Tufanyeje?"

Rogath ni mzee wa kanisa. Angeweza kunyamaza, lawama akawaachia dada yake na Mungu, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Magreth. Aibu ya kunyamaza ikamshinda.

"Sikumwogesha, Faustina. Hata mara moja. Nilikuambia tu."

Faustina alimtazama. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akampa mkono Magreth, akamuaga yeye peke yake, akateremka kwenda barabarani.