Begi la Mazoezi Lilivyomfungisha Jirani Virago

Leo nusura nihamishe mtaa kwa sababu ya Kilimanjaro. Jamani!

Mnajua najiandaa kuupanda ule mlima. Kila asubuhi najaza begi mchanga wa ziwa, navaa mabuti, napanda kilima cha hapa Minago mbiombio.

Leo nikapita kwa jirani yetu, Mama Odeta. Akaniita: "Amahoro!" yaani amani, salamu ya kwetu.

Pumzi ilikuwa imeniishia. Nikapunga mkono tu, nikaendelea kupanda.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mama Odeta alikimbilia Tanzania wakati wa vita, akakaa kambini miaka mingi. Mtu mwenye begi kubwa, anayekimbia bila kusalimia, kwake ana maana moja tu.

Nashuka, namkuta mlangoni. Godoro limekunjwa. Kuku wamefungwa miguu. Sufuria iko kichwani.

"Mwanangu, safari hii tunapitia wapi?"

Nilicheka, mpaka nikaona yeye hacheki.

Nikafungua begi, nikamuonyesha mchanga.

"Mama, hakuna vita. Ni mazoezi. Naenda kupanda mlima Tanzania."

"Tanzania? Na hakuna anayekufukuza?"

"Hakuna, Mama."

"Na utarudi?"

"Nitarudi."

Tukawafungua kuku pamoja. Kisha akanitilia kifurushi cha ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye begi, eti mtu haendi Tanzania na njaa. 😂

Nyinyi majirani zenu wanawaonaje mkifanya mazoezi?

Kileleni nitafika, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini picha ya kwanza nitamtumia Mama Odeta nikiwa mpakani, natembea polepole.