Fito Zenye Matawi

Mchumba wangu alikuwa mwalimu mwenzangu wa kemia kule Mvumi. Serikali iliporuhusu biashara huria akatupa chaki, akapanga chumba cha duka Makole, mjini, akawa anauza kemikali za viwandani. Nikamwona shujaa. Mapenzi nayo!

Habari za polima, kemikali zenye molekuli ndefu kama minyororo, alinieleza kwa mfano wa ukuta wa tembe la baba, nyumba ya fito na udongo. Yenye minyororo iliyonyooka, alisema, ukiidondosha majini hutanda juu na kujipanga bega kwa bega kama fito zilizochongwa, mvuke ukakosa pa kutokea. Yenye matawi hukaa ovyo, inaacha mianya. Nikazidi kumpenda, sifichi.

Akaja kijijini kwetu na chupa ndogo ya dawa ya kuzuia maji yasikauke. Mbele ya baba na wazee akajaza maji mabeseni mawili, moja akalitia tone, akayaacha juani. Baada ya siku chache lile lenye tone lilikuwa limepungua kidogo tu, mwenzake linakaribia kukauka. Baba akasimama kwenye mkutano wa kijiji akamdhamini mkwe wake. Dawa ikaletwa kwa pipa, ikamwagwa kwenye lambo, bwawa letu la kunyweshea mifugo. Kiangazi hicho watu hawakuchimba visima kwenye mchanga wa korongo kama walivyozoea. Vya nini, na lambo limefunikwa?

Lambo likakauka kama miaka yote, na safari hii visima havikuwepo. Ng'ombe wakaanza kulala chini wasiweze kunyanyuka.

Nikachukua mabaki ya dawa ya pipa, nikaenda nayo dukani kwake Makole. Ile chupa ya maonyesho bado ilikuwa rafuni. Nikajaza maji mabakuli mawili, nikatia tone la chupa huku na la pipa kule, nikanyunyiza unga wa uwele juu, nikapuliza. Kwenye dawa ya chupa unga ulitulia tuli. Kwenye ya pipa ulikimbia huku na huko, ishara kwamba utando haukushikana. Mchumba wangu wala hakuuliza nafanya nini.

"Ni jamii ileile," akasema. "Hii ina matawi tu. Ndiyo iliyopatikana."

Tu! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitoka pale bila kumuaga.

Baba nilimkuta korongoni anachimba mchanga, na umri ule. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja.

"Alijua?"

"Alijua, baba. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Akainama, akaendelea kuchimba. Pembeni alilala ng'ombe, yule mtamba ambaye baba alinitengea kwa siku nitakapoolewa, shingo imenyooka mchangani, na baba alikuwa anamtafutia maji.