Sauti ya Baba Akinyi

Wa kulaumiwa kwanza ni Kamau, mwenye studio yetu hapa Umoja. Alileta programu mpya ya kuhariri video, pa kubonyeza pote pamehamishwa.

"Mzee Wekesa, huyu kijana wetu Otieno akufunze," Kamau akaniambia.

"Mimi nilianza kukata mikanda Otieno akinyonya!"

Otieno naye akacheka, akaniacha.

Harusi ya Mama Akinyi tuliipiga video sisi. Mumewe akafa kabla video haijatoka. Nikaihariri kwa mazoea, nikabonyeza pale pa kuhifadhi sauti, kumbe siku hizi ndipo pa kuizima. Sikuiangalia tena. Ule mkanda wa kwanza wenye sauti nikaufuta kwa kurekodia harusi nyingine ya mtaa wa Fedha, kama desturi yetu.

Siku ya kuitazama, mashemeji walijaa nyumbani kwake. Kwenye TV, marehemu akafungua mdomo kula kiapo. Kimya.

"Mzee, mbona haongei?"

"TV yenu imeharibika, mama."

Mama Akinyi akapiga magoti, akaweka sikio kwenye spika. Alikaa hivyo mpaka harusi ikaisha, na likaja lile tangazo ninaloweka mwisho wa kila video. Sauti yangu ikamlipukia sikioni:

"Picha safi, sauti safi! Fundi ni Wekesa!"