Ua la Zambarau Kilioni

Habari ya kifo chake niliipata Ndosho kwa dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyeniambia kwamba yule papa wa majani, mzee wetu wa ziwa, amekufa, kisha akaniuliza ninakwenda wapi. Alikufa kwa tension, shinikizo la damu, kitandani mwake, nyumbani kwake Katoyi. Kifo ambacho mjini Goma siku hizi za vita watu hukitaja kana kwamba marehemu alibahatika. Huenda baadhi yenu mlimwona bila kumjua jina. Alikuwa mtafiti wa ziwa katika kituo ambacho mtumbwi wake wa injini mara nyingi ulikosa mafuta, na mafuta yakikosekana yeye alizunguka kwa miguu, ufukweni, sokoni na makanisani, akifundisha jambo moja: usitie ziwani Kivu kitu hai kilichotoka maji mengine, kiwe samaki, konokono au jani. Mkononi alibeba gugu maji lililokauka, ndani ya mfuko wa plastiki. Lilifanana na ufagio uliostaafu. Alieleza kwamba likiwa hai huelea, huzaa upesi, na mwisho hufunika maji hadi mtumbwi ukose njia na samaki wakose hewa. Watu waliutazama ule ufagio, wakamtazama yeye, wakasema amina.

Siku moja nilimkuta ufukweni akisikilizwa na wachuuzi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu. Mama mmoja alimkatiza. "Papa, na hii sambaza? Si nayo ilitoka ku Tanganyika? Tuiache?"

"Kula tu, mama. Ile ilishaingia, haitatoka tena."

"Basi na majani yako ikiingia tutaizoea."

"Sambaza unaipika na mafuta. Majani utaipika na nini?"

Wenzake walimcheka yule mama hadi akaanza kujicheka mwenyewe. Tulipoondoka, marehemu aliniambia kwamba mama alikuwa na haki ya kuuliza. Sambaza waliletwa na watu waliotaka tule, nasi tumekula. Lakini kabla yao kulikuwa na vidudu vidogo vya majini ambavyo havipo tena, na hakuna aliyevifanyia kilio. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja jirani aliyehama. Nikamwuliza kwa nini asionyeshe gugu likiwa hai, kwa maana lile kavu halimtishi mtu. "Nikilileta hai likatuponyoka," akasema, "ni mimi nitakuwa nimeliingiza." Sikusoma sana, lakini niliona kwamba mtu huyu alikuwa amejifunga kwa sheria yake mwenyewe, na kwamba alikuwa sawa.

Tuliporudi nyumbani kwa marehemu kutoka makaburini, wanakwaya wa parokia yake hawakuketi. Mbele yao alisimama mama mmoja aliyekuwa na beseni mikononi, na ndani ya beseni kulikuwa na majani ya kijani yanayong'aa na ua la zambarau, zuri kuliko yote yaliyoletwa siku ile. Shemeji wa mama huyo alikuwa amemletea mche kutoka Kisangani, naye akautunza uani kwake. "Alikuwa mutu wa ziwa," akatutangazia. "Tunashuka sasa hivi, tumuwekee maua yake juu ya maji." Watu wakasema ni wazo zuri. Mama huyo nilimjua. Kila marehemu alipofundisha parokiani, yeye alikaa benchi la mbele.

Mimi si msemaji wa kwenye vilio. Nilikwenda pale mjane alipoketi, nikainama, nikamwambia kwamba kwenye beseni ni lile gugu la mumewe, kwa maana mashina yake yalivimba kama ya lile kavu. Akalitazama beseni.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, mama."

Akainuka, akamshika mkono yule mama wa beseni. "Mama wangu, maua yako ni muzuri sana. Lakini ikifika ku ziwa, bwana yangu atakufa mara ya pili, na kwa kilio cha pili sina tena chakula."

"Lakini ile ya papa ilikuwa ya kukauka," mama akasema. "Hii ni nzima."

"Ni ile ile."

Hakuna aliyecheka. Mama alilitazama ua lake, kisha akauliza aliweke wapi. Ardhi yote ya Katoyi ni mawe meusi ya volkano, na saa ile yalikuwa ya moto. Tukayamwaga maji hapo hapo, tukaitandaza mimea mizizi juu. Kwaya ikaimba nyimbo zote ilizokuwa imeandaa kwa ajili ya ufukweni, ikiyaelekea mawe. Jua lilipoanza kushuka, lile ua lilikuwa limeanza kufanana na ufagio. "Sasa ninaijua," mama akasema, akaomba mfuko wa plastiki.

Nimelifikiria beseni lile siku hizi zote. Tunafundishana kuogopa hatari kwa kuonyeshana mzoga wake, nasi tunasema amina. Lakini kitakachoharibu ziwa letu huenda kisiletwe na adui. Kitaletwa na mtu anayetupenda, kikiwa kimechanua, naye amekishika kwa mikono miwili. Anayetaka kutuonya atueleze na uzuri wake, kwa maana hiyo ndiyo sura kitakayokuja nayo.