Fundo la Caren kwenye Mpera wa Migosi

Jumamosi fundi angekuja na msumeno. Mwenye ploti, Mzee Zadock, alishaamua kwamba mpera wa uani, pale mtaani Migosi, uondoke ili apate nafasi ya kujenga vyumba vingine vya kupangisha. Caren, mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kondele, hakubisha. Mpangaji atabishana na nani?

Alikuwa na mpango wake. Wiki kadhaa nyuma alichagua tawi lililonyooka, akalimenya gome duara nzima upana wa kidole, akalizungushia udongo na vumbi la mbao lililoloweshwa, akafunga kwa karatasi nyeusi ya plastiki. Mizizi ikitoka humo ndani, tawi hukatwa na kupandwa, mti tayari. Lakini alifanya hayo kimyakimya, majirani wakiwa bado wamelala, na kamba ilipomwishia alichana shati la marehemu mumewe, Absalom, akafungia. Mficha uchi hazai. Mtu mzima na akili zake anafunga nguo ya marehemu kwenye mti wa uani, halafu anategemea ploti inyamaze?

Aliyeliona fundo hilo ni Bilha, jirani wa mlango wa pili. Mwanawe alikuwa na homa isiyosikia dawa, na mama mwenye hofu haachi kutafuta wa kulaumu. Ijumaa jioni Caren alitoka sokoni akakuta wapangaji wameuzunguka mti, Bilha mbele yao, mtoto mgongoni na panga mkononi.

"Mama, hii kitu umefunga hapa ni ya nini?"

"Ni mti tu nazalisha."

"Fungua tuone."

"Nikifungua saa hii itakufa."

Afadhali angenyamaza. Watu walirudi nyuma hatua moja, minong'ono ya uchawi ikaanza.

"Nini itakufa?" Bilha akauliza, akiinua panga.

Caren alijua mambo ya namna hii huishia wapi. Kuna watu walichomewa nyumba kwa neno dogo kuliko hilo. Hata hivyo, kilichomtisha zaidi ni lile panga kufika kwenye tawi.

"Wacha nifungue mwenyewe," alisema.

Alifungua kitambaa polepole, akabandua plastiki. Mizizi ilikuwa imetoka, michache, myeupe, laini kama nyuzi. Watu wakasogea tena kuona.

"Ni ya kupanda tu," Caren akasema. "Hii mti ni Absalom alipanda. Kaburi yake iko kwao Maseno, na huko siwezi enda. Nilikataa kurithiwa na ndugu yake, watu wake wakanifukuza. Sina mahali ingine ya kumtembelea."

Bilha aliteremsha panga. Hakuomba msamaha, akaingia kwake na mtoto. Caren alilikata tawi chini ya mizizi, akalipunguza majani, akalipanda kwenye ndoo iliyotobolewa chini, akaiweka mlangoni. Mizizi ilikuwa michanga mno; huenda tawi lisishike.

Kesho yake msumeno ulipoanza kunguruma alijifungia ndani. Hakuweza kutazama mti ukianguka, wala tawi likinyauka. Alikaa kitandani, mikono masikioni, hadi kelele zikaisha. Ndipo akafungua mlango.

Bilha alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, mtoto mgongoni, akinyunyiza maji. Alikuwa amelifunika tawi kwa leso yake mwenyewe. Chini yake majani yalikuwa bado yamesimama.

"Usitoe leso, Mama," alisema bila kuinua macho. "Jua ya leo ni kali."